Kinanda na laptopu havisikizani: dalili, sababu na jinsi ya kuvipatanisha

Studio nyingi za nyumbani hapa Mombasa ni chumba kimoja, kitanda huku meza kule, kinanda cha mkono wa pili juu ya meza na laptopu pembeni yake imejaa plagini, yaani ala na vifaa vya sauti vinavyokaa ndani ya programu ya muziki. Kila kimoja peke yake kinafanya kazi vizuri tu, shida inaanza siku unataka vyote viwili viingie kwenye wimbo mmoja. Napigiwa simu sana kuhusu haya mambo, na malalamiko ni yale yale, awe mtu yuko Likoni, Kisauni ama Bamburi, kwa hivyo nimeyapanga hapa kwa dalili, sababu ya kawaida kwanza, ile ya nadra mwisho.

Nakuomba kitu kimoja kabla hujaanza. Usikimbilie kununua kinanda kingine ama plagini nyengine. Katika zile shida nilizoziona mimi, mara nyingi kinanda kizima na plagini nzima, ubaya uko pale vinapoungana: waya, njia ya sauti, saa, na nani kati ya hivyo viwili anatoa amri. Tafuta hapo kwanza.

Na MIDI, ile lugha ambayo kinanda na laptopu huongea, si sauti, hili watu wazima wenye miaka kwenye muziki bado linawapiga chenga. MIDI imekuwepo tangu 1983 na kazi yake ni kupeleka habari tu: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu gani, imeachiwa saa ngapi. Ni kama oda ya mahamri na mbaazi inayopelekwa jikoni, oda yenyewe haina mbaazi ndani. Ukishaelewa hivyo nusu ya hizi dalili utazitatua mwenyewe.

"Nabonyeza kinanda, plagini kimya"

Sababu ya kwanza ni waya wa USB. Zile nyaya zinazouzwa kwa bei ya chini barabarani, nyingine ni za kuchaji tu, ndani hazina nyaya za data. Badilisha waya kabla ya kitu chochote, na kama kinanda chako kina tundu la mraba nyuma basi waya wa printa unaingia hapo na unafanya kazi sawasawa.

Pili, fungua mipangilio ya MIDI kwenye programu yako uone kama kinanda kimewashwa kama kifaa cha kuingiza. Kwenye programu kama FL Studio kinaweza kuonekana kwenye orodha na bado hakijawezeshwa, kwa hivyo kuona jina lake hakutoshi. Alafu angalia ile taa ndogo ama alama ya MIDI inayocheza ukibonyeza noti: ikicheza, waya ni mzima na shida iko ndani, pengine treki (mstari wa ala moja kwenye programu) haijachaguliwa ama channel (namba ya njia ya MIDI) haifanani. Isipocheza, rudi kwenye waya.

Wenye zile nyaya za MIDI za duara za pini 5, kumbuka Out ya kinanda inaingia In ya kompyuta. Zile adapta ndogo za USB kwenda MIDI huandikwa kwa namna ya kuchanganya, kwa hivyo zibadilishe nafasi tu ujaribu, hakuna kitakachoungua. Na kwenye Windows funga programu nyengine zote za muziki, manake mara nyingine moja ikishika kinanda nyengine inanyimwa.

"Noti moja inatoka sauti mbili"

Hii ni rahisi. Kinanda kinajilia chenyewe na plagini nayo inalia. Ingia kwenye menyu ya kinanda utafute pameandikwa Local Control, uweke Off, sasa vidole vinatuma habari kwenye laptopu tu. Ukimaliza kazi irudishe On, kwa sababu kuna kaka mmoja alikuja kwangu na kinanda amekifunga kwenye leso akisema kimekufa, hakitoi sauti hata kidogo, kumbe ni Local aliizima mwenyewe wiki iliyopita.

"Sauti inakuja nyuma ya kidole"

Hapa nitakaa kidogo.

Kwanza kabisa, unasikiliza kwa nini? Kama ni spika ya bluetooth ama zile hedifoni za masikioni zisizo na waya, simama hapo hapo. Bluetooth ya kawaida inachelewa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde na hakuna mpangilio wowote ndani ya laptopu utakaoiondoa. Chomeka waya.

Pili ni bafa. Kompyuta inakusanya sauti kidogo kidogo kabla ya kuitoa, na ukubwa wa huo mkusanyo unauchagua wewe. Kwa kipimo cha vipande vya sauti 44,100 kwa sekunde, bafa ya vipande 128 ni kama milisekunde 3, ya 512 ni karibu 12, ya 1024 ni 23. Upate picha: sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo bafa ya 1024 ni sawa na kukaa mita 8 mbali na spika huku unapiga chakacha, vidole vitayumba hata uwe fundi vipi. Wakati wa kupiga shusha 128 ama 256, wakati wa kumix pandisha 1024 ili laptopu ipumue.

Tatu ni draiva, programu ndogo inayounganisha laptopu na kifaa cha sauti. Kwenye Windows usitumie ile ya kawaida, weka ASIO, draiva ya haraka, ya saundi kadi yako yenyewe (kile kisanduku cha kuingiza na kutoa sauti), na kama huna saundi kadi basi ASIO4ALL inasaidia na ni ya bure. Nne, angalia umeweka nini kwenye masta, ile njia ya mwisho sauti zote zinapopita. Kuna plagini za kukandamiza sauti zinazochungulia mbele kabla ya kufanya kazi, na hizo zinachelewesha mradi mzima. Zizime mpaka siku ya kumaliza wimbo.

Kuna kuchelewa kwengine ambako watu hawakusemi, na ndiko kunakoharibu wimbo hasa. Unaiambia laptopu ikitume kinanda kicheze, kinanda kinacheza kwa sauti yake, unarekodi ile sauti, kisha ukisikiliza na ngoma za plagini kinanda kiko nyuma kidogo, si sana, lakini mdundo umelegea na hujui kwa nini. Dawa yake ni kupima. Weka noti moja fupi kali juu ya mstari wa mdundo, itume kwenye kinanda, rekodi sauti, kisha vuta picha karibu mpaka uone mstari na uone sauti inapoanzia. Hesabu milisekunde zilizo katikati. Hiyo namba iandike kwenye karatasi uibandike ukutani, na kila ukirekodi kile kinanda kwa njia ile, na kwa bafa ile ile, sogeza rekodi kushoto, iwahi, kiasi hicho. Ukibadilisha bafa, pima upya. Mimi karatasi yangu imekaa ukutani hata rangi ya kalamu imefifia.

Na kwa waya wa pini 5, noti moja inachukua kama milisekunde 1 kupita, kwa hivyo ukipitisha ngoma, besi, kodi na nyuzi zote kwenye waya mmoja, za mwisho zitachelewa. Rekodi ala moja moja.

"Kinanda kimemezwa na plagini"

Yaani ukikipiga peke yake kizuri, ukiweka na plagini kinapotea, unapandisha volyumu, sasa kinakera bila kusikika.

Sababu kubwa ni kwamba plagini nyingi zimetengenezwa zikushangaze ukizijaribu dukani, zinatoka kwa nguvu karibu na dari, zimetandazwa kushoto na kulia na mwangwi juu yake. Kinanda kinaingia kwa unyenyekevu wake. Usikipandishe, zishushe plagini. Rekodi kinanda kwa biti 24 (24-bit), kilele kikicheza kati ya desibeli -12 na -6, usiogope kuona wimbi dogo kwenye kioo, kisha shusha plagini zote mpaka zilingane na hicho. Volyumu ya jumla utaipandisha mwisho.

Ya pili ni mwangwi. Kinanda kina mwangwi wake wa ndani, plagini ina wake, msikilizaji anasikia watu wawili wako vyumba tofauti. Zima mwangwi wa kinanda kabla ya kurekodi, kisha weka mwangwi mmoja kwenye programu na vyote vipitie hapo, kila kimoja kwa kiasi chake. Hii peke yake imeokoa nyimbo nyingi kuliko plagini yoyote niliyowahi kununua.

Ya tatu ni besi mbili. Ukiweka besi ya kinanda na besi ya plagini zikicheza noti zile zile utadhani utapata besi nene, lakini mara nyingi zinakulana. Chagua moja. Maoni yangu: besi na ngoma ziache kwenye plagini kwa sababu zinakaa kwenye mstari bila kutikisika, na ile sauti inayoimba, inayohitaji kidole kinachoteleza na kubembeleza, ipe kinanda.

Sasa ya nne ni ya nadra zaidi lakini inatisha. Kijana mmoja alinitumia rekodi ya kinanda chake, piano inasikika kama iko ndani ya mtungi, katikati hakuna kitu, mwangwi tu ndio umebaki unaelea. Nikamuuliza umechomeka wapi. Akanitumia picha: waya mmoja wa jeki yenye miduara miwili myeusi umetoka tundu la hedifoni la kinanda umeingia tundu moja la saundi kadi. Tatizo liko hapo. Tundu la hedifoni linatoa kushoto na kulia, na tundu la saundi kadi la aina ile linachukua hizo mbili na kutoa moja kutoka kwa nyengine, kwa hivyo chochote kilicho sawa pande zote mbili kinafutika. Hakuna kilichoharibika. Tumia tundu lililoandikwa L/Mono kwa waya wa mduara mmoja, ama waya wa kugawanya uingie matundu mawili, basi.

"Noti za taarab zinapotea nikihamia plagini"

Hili kwingine huenda hawalijui, sisi wa pwani tunalijua. Umeweka kinanda chako kwenye mpangilio wa Scale Tune, ule wa kubadilisha tuni ya noti moja moja, E umeishusha senti 50, yaani robo toni, upige maqamu ya Bayati kutoka D, ama E na B kwa Rast ya C, inalia vizuri kabisa. Unarekodi MIDI, unaweka plagini ya nyuzi, na E imerudi kuwa E ya kanisani.

Si kosa la plagini. Ile robo ilikuwa ndani ya kinanda, kwenye sauti yake, na MIDI iliandika tu kwamba umebonyeza E. Oda ya mahamri, kama nilivyosema.

Njia ya kwanza na bora: rekodi sauti ya kinanda chenyewe, acha MIDI. Kwa nyimbo za maqamu, kinanda chenye robo zake kinashinda plagini ghali, na sioni sababu ya kuona haya kwa hilo. Njia ya pili, tumia plagini inayokubali faili za tuni za Scala, zile zinazoishia na .scl. Surge XT inakubali na ni ya bure, Dexed pia, unapakia faili la maqamu yako na kila noti inakaa pake. Njia ya tatu ni kupinda noti kwa gurudumu la MIDI. Plagini nyingi zimewekwa zipinde nusu toni mbili kila upande, na kushuka chini kabisa ni hatua 8192, kwa hivyo robo toni ni kushuka hatua 2048. Lakini angalia, kupinda kunavuta channel nzima, ukiwa umeshika kodi zote zitashuka pamoja na utasikia vibaya, kwa hivyo zile E za robo zipeleke kwenye treki na channel yao peke yake. Ni kazi ya mkono, inachosha, lakini kwa sehemu fupi inafaa.

"Wimbo umepanda sauti na unakimbia"

Umerekodi kwa 44,100 na sasa saundi kadi inacheza kwa 48,000. Unapanda karibu nusu toni moja na nusu, kiasi cha mwimbaji kulalamika. Weka namba moja kwenye mradi na kwenye saundi kadi. Kama si hiyo, angalia tuni kuu ya kinanda iko 440.

"Kuna mvumo, ama mlio wa mbu ndani ya spika"

Mvumo mzito wa chini ni stima yetu ya 50 kwa sekunde inaingia kwenye sauti. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi unatoka kwenye laptopu.

Anza hivi: chomoa chaja ya laptopu, acha iende kwa betri. Kelele ikikatika ushapata jibu, rekodi kwa betri usiku huo na ulale. Kisha chomeka kinanda, saundi kadi, spika na laptopu kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani. Kisha tenganisha nyaya za sauti na nyaya za stima, zisilale pamoja nyuma ya meza. Kisha ondoa USB ya kinanda, usikilize. Mvumo ukiondoka basi kuna mzunguko kati ya USB na waya wa sauti, na dawa ni DI box, kisanduku cha kupitishia waya wa sauti, yenye swichi ya kukata ardhi kwenye waya huo wa sauti.

Kwenye waya wa SAUTI nimesema. Kuna watu wanavunja ile pini ya juu ya plagi ya stima, ama wanachomeka kwa kutumia kijiti, mvumo unaondoka kweli na wao wanafurahi. Usifanye hivyo kamwe. Ile pini ndiyo inayobeba shoti kuipeleka ardhini badala ya kupita kwako, na hapa kwetu unapiga kinanda bila viatu, sakafu ya simiti, mikono ina jasho.

Ukigusa chuma cha kinanda ama laptopu ukahisi mwasho mdogo mdogo, mara nyingi ni chaja ya pini mbili inavujisha kidogo. Lakini ukihisi imekushika, imekuuma, ama mwimbaji mdomo wake ukigusa maikrofoni anaruka, zima kila kitu kwenye swichi kuu na uite fundi wa stima apime waya wa ardhi (athi) wa nyumba. Nyumba nyingine za zamani waya huo umekatika miaka na hakuna anayejua. Usirekodi tena mpaka apime.

"Inapasuka pasuka"

Tofautisha mbili. Ikipasuka wakati wimbo una plagini nyingi, ni laptopu imechoka: pandisha bafa, geuza treki za plagini kuwa sauti, na miezi ya kaskazi iinue laptopu kidogo hewa ipite chini, ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe.

Ikipasuka ukizungusha kitufe cha volyumu ama ukitikisa jeki, hiyo ni chumvi ya bahari na unyevu wetu. Zima, chomoa kwenye stima, chomeka na uchomoe jeki mara kumi, zungusha kitufe huku na huku mara ishirini. Haikutosha, nunua dawa ya kusafishia kontakti za umeme, nyunyizia kidogo, acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Ile ya kawaida ya kulainisha bawaba usitumie, inaacha mafuta na mafuta yanashika vumbi. Kinanda kisichotumika kifunike kwa kitambaa, si nailoni, nailoni inafungia unyevu ndani.

"Hakiwaki kabisa"

Angalia soketi kwa kuchomeka taa, alafu fyuzi ndani ya plagi, alafu adapta. Adapta iliyoingia vizuri si lazima iwe sawa. Soma chini ya kinanda: volti ngapi, na ule mchoro mdogo unaoonyesha katikati ni jumlisha ama kutoa. Casio nyingi za zamani zinataka volti 9 na kutoa katikati, Yamaha nyingi zinataka 12 na jumlisha katikati. Ukikosea unaweza kuiua bodi kwa sekunde moja. Ampea za adapta zikiwa zaidi ya zilizoandikwa hakuna neno, zikiwa pungufu kinanda kitazima zima.

Kama kinawaka lakini kimesahau sauti ulizohifadhi, sintesaiza nyingi za miaka ya 80 na 90 zina betri ndogo ndani, mara nyingi CR2032, inayolinda kumbukumbu, na kwenye DX7 imechomelewa kwa risasi. Kama sauti zako bado hazijapotea, zihifadhi kwenye kompyuta kabla ya kubadilisha betri.

Pa kusimama ni hapa: umenusa harufu ya kuungua, fyuzi mpya imekatika tena papo hapo, chai ama maji yamemwagika ndani, betri ya laptopu imevimba mpaka kioo hakifungi, ama stima ilipotea ikarudi kwa nguvu na tangu hapo hakiwaki. Chomoa na usifungue. Vinanda vyenye waya wa stima moja kwa moja vina kapasita ndani zinazoshika umeme hata baada ya kuchomolewa, na bisibisi yako haijui hilo. Peleka kwa fundi wa elektroniki, na umwambie mambo matatu kwa mpangilio: kilikuwa kinafanya nini dakika ya mwisho, ulisikia ama kunusa nini, na adapta gani ilikuwa imechomekwa. Ibebe hiyo adapta pia, asije akapima kinanda siku tatu na mbaya ni adapta.